Maji ya Mikorosho ya Chilangu

Masasi, Jumatatu, 2 Septemba 2019

Baba Zuhra,

Leo nimerudi barazani. Eda iliisha mwezi uliopita, lakini nilikuwa naahirisha. Karani wetu, Pili, alinishika mikono yote miwili, akasema, "Pole, mama. Kiti chako hakuna aliyekikalia." Nilikikuta na ule mto ulionishonea kwa vipande vya vitambaa vya wateja. Nimeukalia tangu asubuhi na mgongo haukuuma.

Ulikuwa na mazoea yako. Nikirudi kutoka barazani, kabla sijavua viatu, unaniuliza kutoka kwenye cherehani, "Mzee wa baraza, leo mmemla nani?" Nami nanyamaza, kwa sababu nimeapa kwamba yanayosemwa kati yetu watatu katika ofisi ya mwenyekiti hayatoki nje. Ulininunia, halafu ukazoea, ukawa unauliza ili nicheke tu. Sasa naona wewe naweza kukuambia. Huko uliko hutamwambia mtu.

Ulipokuwa unaumwa alikuja mwenyekiti mpya, mwanasheria kijana wa Njombe, anaitwa Yeremia. Anaandika haraka na hapandishi sauti. Mzee mwenzangu bado ni Abdulkadiri, yule mwalimu wa zamani wa madrasa uliyemshonea kanzu akalalamika kwamba mkono mmoja umezidi. Kazi ni ileile: mtu asiporidhika na uamuzi wa baraza la kata kuhusu shamba, analeta rufaa kwetu. Sisi wazee wawili tunatoa maoni, mwenyekiti anaandika hukumu. Anaweza kutukatalia, ila lazima aandike ni kwa nini.

Nimekula ugali na kisamvu. Nimepika kingi, bado sijajua kukadiria cha mtu mmoja.

Alhamisi, 5 Septemba

Upepo mtupu. Mikorosho ya nyuma ya hospitali imechanua.

Jumatano, 11 Septemba

Limekuja jalada la rufaa kutoka Newala, juu mlimani, kijiji cha Chilangu. Anayekata rufaa ni mjane, Mwanakombo. Mume wake, Hamidu, alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini akaja Tahiri, mtoto wa dada yake Hamidu, akadai shamba kwa desturi ya upande wa mama, kwamba cha mjomba ni cha mpwa. Baraza la kata likampa vyote, udongo, mikorosho na nyumba. Mama aondoke. Wakaweka na amri kwamba mpaka rufaa iishe, asiokote korosho mtu yeyote, si huyu wala yule.

Mwenyekiti alituuliza kama kuna mwenye jambo linalomgusa. Nikamwambia ukweli, kwamba shamba lako la Lupaso lipo mikononi mwa mpwa wako Mujibu, nami naokota humo kwa hisani yake, na hatujawahi kugombana.

"Nitawasomea hayo wote wawili, mama na mpwa, kesho," alisema. "Wakikukataa, utakaa pembeni."

Mzee Abdulkadiri akacheka. "Ukimtoa kila mwanamke mwenye wapwa wa mume, Masasi nzima utakaa peke yako, mwenyekiti."

Alhamisi, 12 Septemba

Tumepanda Newala. Gari lilipoanza kona za mlima nilifumba macho kama kawaida yangu, na hakukuwa na wa kunicheka. Juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kuvaa kitenge juu ya kitenge.

Hawakunikataa. Tahiri alisema, "Sina pingamizi na mama huyo." Ni mwanaume wa makamo, mpole, shati limenyooshwa. Nilitaka awe mkorofi ili kazi iwe nyepesi. Ukumbini nilimwona akimwinamia Mwanakombo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu yule mama akiwa anatazama ukuta.

Ilipofika zamu ya kusema, Tahiri alisimama akaeleza taratibu. "Mimi simfukuzi mama. Nafuata desturi niliyoikuta."

Mwanakombo hakungoja ruhusa. "Desturi uliikuta. Na mikorosho je, uliikuta?"

Watu wa kwenye mabenchi walicheka. Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu. Tumepanga kwenda kuliona shamba lenyewe.

Ijumaa, 20 Septemba

Zuhra amepiga simu kutoka Dodoma. Anataka nikakae naye. Nimemwambia baada ya msimu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tulikuwa Chilangu leo. Nakuandikia viatu vikiwa bado na mchanga wa huko.

Shamba limeteremka kidogo kuelekea ukingoni, pale unapoliona bonde lote chini. Nyumba ya Mwanakombo ipo katikati ya mikorosho, matofali ya udongo, bati la zamani, na jiko la nje. Korosho zimeanza kuanguka. Ukisimama kimya unasikia bibo moja linadondoka hapa, jingine kule. Chini kumejaa, mekundu na ya njano, mengine yameshachacha na nzi wamekusanyika. Korosho bado zimeng'ang'ania kwenye mabibo na hakuna mkono wa kuzitenganisha. Wewe usingeweza kupita hapo bila kuinama. Hata barabarani ulikuwa unaokota korosho ya mtu unaiweka juu ya jiwe ili mwenyewe aione.

Mwenyekiti alipima mipaka kwa hatua. Abdulkadiri aliuliza kuhusu ukoo, nani alifyeka pori la kwanza, na kila mtu akakubali kwamba ni bibi yake Tahiri, aliyemzaa Hamidu na dada yake. Hapo Mwanakombo hakubisha.

Mimi niliuliza jambo moja tu. Unajua kule juu hakuna kisima, maji yako bondeni, na mche wa mkorosho ukipandwa ukaachwa kiangazi cha kwanza bila maji unakauka. Nikamwuliza Tahiri, "Mwanangu, mikorosho hii ilipokuwa michanga, maji alileta nani?"

Aliitazama mikorosho, kisha chini. Mwanakombo naye alikuwa anatazama chini.

"Mama ndiye aliyebeba," alisema Tahiri. "Kichwani, kutoka bondeni."

"Na mjomba wako?"

"Mjomba alikuwa na kifua. Njia ile hakuiweza."

Mwenyekiti aliandika. Nilimwona anapigia mstari.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nguo zimefuliwa mara mbili na bado zinanuka mabibo.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo tulikaa watatu ofisini, mlango umefungwa, chai na mihogo ya kukaanga mezani. Hapa ndipo ulipokuwa unatamani kupajua. Hakuna la ajabu. Utaratibu wetu ni kwamba mdogo wa cheo anasema kwanza, ili asije akamfuata mkubwa kwa woga. Mdogo ni mimi. Miaka yote nimeanza mimi, na miaka yote Abdulkadiri anaanzia pale nilipoishia, anabomoa.

Nikasema: udongo ni wa ukoo, hilo limekubaliwa. Ila huku kwetu udongo na mikorosho ni vitu viwili tangu zamani. Aliyepanda kwenye ardhi ya mtu, miti ni yake. Mwanakombo alipanda na akabeba maji. Miti ni yake. Na nyumba asitolewe, maana mwenye miti asiyelala karibu na miti yake, korosho zake huokotwa na wengine.

Abdulkadiri alimaliza muhogo wake kwanza. "Bibi Hajira, tukianza kutoa mashamba kwa hesabu ya ndoo, punda wote wa Newala watakuja kudai."

Mwenyekiti alitabasamu. Mimi nilikasirika, nikanywa chai ili nisiseme.

"Mke ni mgeni wa heshima," aliendelea. "Alipanda kwa niaba ya mume. Kesho anaolewa, mume mpya anahamia, na watoto wa dada wanakuwa vibarua kwenye udongo wa bibi yao."

"Mwanakombo ana mvi, Mzee."

"Hukumu yetu haitamhusu mwenye mvi peke yake. Itasomwa na wengine."

Mwenyekiti aliandika maoni yetu kwenye karatasi zake, akasema anataka kumaliza mapema, kabla ya mvua, kwa ajili ya zile korosho. Hukumu tarehe 6 Novemba. Nilitoka nikimpenda. Abdulkadiri nilimuaga kwa shingo upande.

Jumatano, 16 Oktoba

Mujibu amekuja na gunia la korosho kwenye bodaboda, kama alivyoleta mwaka jana ukiwa hai. Aliliweka mlangoni, akanywa maji, akatazama cherehani yako.

"Nasikia mna kesi ya mpwa na mke wa mjomba," alisema.

"Siwezi kuizungumza, Mujibu."

"Sikuulizi, mama. Nakuambia tu watu wanavyosema."

Hakusema watu wanasemaje. Alipoondoka nilikaa nalitazama gunia. Ni wema uleule, au ni wema unaochungulia? Kabla ya rufaa hii nisingejiuliza. Hilo nalo limenisikitisha.

Jumatano, 23 Oktoba

Mwenyekiti ametupa rasimu yake tuisome humohumo ofisini. Ameandika kwamba miti ni ya Mwanakombo. Mahali pa nyumba ameacha wazi, nafasi nyeupe ya mistari kadhaa.

"Hapa hamjakubaliana," alisema. "Ningependa tuwe na sauti moja. Hukumu yenye sauti tatu, mahakama ya juu inaivunja kama kuni kavu."

Nimegundua kwamba anaogopa. Pili aliniambia kwamba mwaka jana, kabla hajahamia kwetu, mahakama ya juu ilimrudishia jalada, na lilimuumiza.

Abdulkadiri aliikunja miwani yake. "Mimi miti nitaikubali. Ila Bibi Hajira aachie nyumba. Kila mmoja ameondoka na kitu."

"Tunagawana nini, Mzee?" nikamwuliza. "Mbona unataja vitu ambavyo si vyetu?"

"Nakutafutia njia ya kupita. Ukishika vyote utakosa vyote."

Mwenyekiti alinitazama mimi. Ungeona macho yake, yalikuwa yananiomba. Na ni kweli, Baba Zuhra, neno moja tu la kukubali, nafasi ile nyeupe ingejazwa, hukumu ingekuwa moja, na mama angepata miti yake. Angelala wapi? Ana binti mjini Newala, chumba kimoja na wajukuu. Nikasema siwezi.

Halafu nikauliza kuhusu zile zilizoanguka. Mvua ikizikuta chini zinaoza, na zikioza hukumu yetu itampa mama majani.

"Hakuna aliyeomba amri ya kuokota," alijibu mwenyekiti. "Mtu asipoomba siwezi kumpa. Tukimnong'oneza upande mmoja, tumekuwa mawakili wake."

Nafasi nyeupe imebaki nyeupe.

Jumatano, 30 Oktoba

Mawingu mazito juu ya milima tangu asubuhi. Jioni yametawanyika.

Jumatano, 6 Novemba

Leo ilikuwa siku ya hukumu. Tulikuwa Newala. Mwanakombo na Tahiri walikuwa wameshakaa nje, benchi moja, katikati wameacha nafasi ya mtu mmoja. Mwenyekiti alituita ndani akafunga mlango. Uso ulikuwa umemshuka.

"Maoni yenu," alisema. "Yalitakiwa kuandikwa na ninyi wenyewe, na kusomwa mbele yao kabla sijaandika hukumu. Wayasikie. Mimi niliyachukua kwa mdomo, kwenye chai."

Kwenye rufaa zetu nyingine hakuwahi kulisahau hilo. Hii aliikimbiza, kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya korosho, na mbio zile ndizo zilizomwangusha. Hukumu ya namna hiyo ikifika juu inafutwa yote, na mama anaanza upya akiwa na miaka mingine juu ya mgongo.

Abdulkadiri hakusita. "Tuandike sasa hivi. Weka tarehe ya Oktoba, tutie sahihi, tutoke tukasome. Nani atajua?"

Mwenyekiti hakumkemea. Alisogeza karatasi tupu hadi katikati ya meza, akaniangalia, kwa kuwa mdogo husema kwanza.

Nisikufiche, niliitamani ile karatasi. Niliona shamba lile na mabibo yake chini. Niliona akiokota kesho yake. Nje nilisikia Mwanakombo anakohoa. Ulimi ulikuwa mzito kama siku ile walipokuja kuniuliza wakuzike wapi.

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi niliapa kutoa maoni. Sikuapa kuandika tarehe."

Kisha Yeremia alichukua ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Alitoka nje akasimama mbele yao na mbele ya watu wote, akasema, "Hukumu haitasomwa leo. Kosa limetokea na kosa ni langu, si la wazee hawa, wala si lenu." Akapanga tarehe 20.

Tahiri alitikisa kichwa. Mwanakombo aliuliza jambo moja, "Na korosho?" Mwenyekiti akasema amri ya kata bado ipo.

Tulipanda gari la kurudi hadi tukayaona majabali ya Masasi. Abdulkadiri alisema akiwa anatazama dirishani, "Umenirudisha kwenye ualimu wa madrasa leo, Bibi Hajira." Sikujua kama ni sifa au tusi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilikwenda hospitali hapa Mkomaindo kuchukua dawa za presha. Nimeketi kwenye foleni, nageuka, aliyekaa karibu yangu ni Mwanakombo. Amemleta mjukuu anayeumwa jino.

Tulisalimiana. Aliniambia pole kwa msiba, amesikia. Alisema, "Wako alikuwa fundi, eti?" Nikasema ndiyo. "Wangu alikuwa anapenda kuimba vibaya," alisema, na tukacheka sote wawili, kidogo tu, kama watu wanaoiba.

Halafu akasema polepole, bila kunitazama, "Chini kumejaa. Nikitoka mlangoni nakanyaga."

Sentensi moja, Baba Zuhra. Omba amri ya kuokota. Maneno manne tu, na nilikuwa nayo mdomoni. Angekwenda Jumatatu kwa karani, angeomba, angepewa. Hakuna aliyekuwa anatusikiliza, mtoto alikuwa analia. Lakini siku moja angeulizwa, nani alikuambia? Naye ni mtu asiyejua kudanganya. Rufaa yake yote ingeanguka, na miti, na nyumba.

Nikamwambia, "Mama, mimi na wewe tusizungumze habari hiyo."

Jina la mjukuu lilipoitwa alisimama bila kuniaga. Nilitoka nikasahau dawa dirishani, muuguzi akanikimbilia nazo.

Jioni nikawa nachambua maharage na ndipo nikafikiri. Jambo nisiloweza kumwambia yeye kwenye benchi, kwa nini nisiwaulize wote wawili barazani, mbele ya kila mtu? Mzee wa baraza anaruhusiwa kuuliza.

Jumatano, 13 Novemba

Manyunyu ya kwanza. Harufu ya vumbi. Sikufurahi.

Jumapili, 17 Novemba

Nilikuwa Lupaso, nimepalilia pembeni ya kaburi lako. Mujibu alikuja na jembe, akaanza upande wa pili bila kuitwa. Tulilima kimya hadi tukakutana katikati.

Nikamwuliza, "Mujibu, kama ungenipa mimi shamba hili, ungeogopa nini?"

Alifikiri. "Ungeliuza? Hapana. Naogopa mtu wa baada yako. Mjomba amelala hapa, mama. Mtu wa kuja asingejua amelala nani."

Ni maneno ya Abdulkadiri yaleyale, ila hayakuniuma. Nimemsikia Abdulkadiri leo kwa mara ya kwanza, kupitia mdomo wa mwingine.

Nimerudi nikaandika maoni yangu upya. Miti nimeiacha kama mwanzo, ni ya Mwanakombo. Nyumba nayo. Nimeongeza kwamba udongo usiuzwe na mtu yeyote, si mke wala mpwa, na nyumba irudi kwa ukoo mama akishafariki.

Jumatano, 20 Novemba

Newala. Ukumbi umejaa. Hapa mwenyekiti alifanya kitu ambacho hajawahi kukifanya. "Leo ataanza Mzee Abdulkadiri," alisema.

Nilimwona mzee anashtuka. Hakuwa na wa kumbomoa. Alisimama, akavaa miwani, akafunua karatasi yake. Alikuwa amevaa ile kanzu uliyomshonea, mkono mmoja ameukunja. Mbele yake, hatua chache tu, alikuwa Mwanakombo amekaa mikono mapajani, na upande wa pili Tahiri.

Alisoma habari za ukoo, za bibi aliyefyeka pori, za mke aliye mgeni wa heshima. Sauti ilikuwa ya kutosha kusikika nje. Kisha akaacha kusoma, akamtazama yule mama, akarudi kwenye karatasi.

"Udongo ni wa ukoo," alisoma. "Lakini maji hayakuwa ya ukoo. Yalikuwa ya kichwa cha mtu mmoja. Miti ni ya huyu mama." Akageuza ukurasa. "Nyumba si yake. Nyumba inafuata udongo."

Maji yangu, Baba Zuhra! Yale ya punda. Sikujua nicheke au nimkanyage mguu.

Nilisoma yangu. Nilisema mwenye miti lazima awe na mahali pa kulala na njia ya kupita, ama sivyo tumempa picha ya miti. Nilisema pia habari ya kutouza, na nyumba kurudi kwa ukoo baada yake, nikamwona Abdulkadiri anainua kichwa.

Kisha nikaomba kuuliza. Mwenyekiti akasema, "Uliza, ila waulize wote wawili."

"Nawauliza wote wawili," nikasema. "Zile zilizoanguka, na mvua ndiyo hii, mnataka zifanyweje?"

Mwanakombo alinitazama, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kimya cha hospitali. Lakini hakujibu yeye. Alijibu Tahiri.

"Mama aokote," alisema. "Mimi nitasaidia kubeba. Ziwekwe ghala la chama cha ushirika mpaka hukumu, asichukue mtu."

"Ataokota na nani?" mtu wa nyuma akachokoza. "Na wewe na hilo shati?"

"Shati linavuliwa," alijibu Tahiri, na watu wakacheka.

Mwenyekiti alimwuliza Mwanakombo kama anakubali. Alisema, "Nakubali. Lakini asiniharibie, yeye anaokota kama anafukuzwa." Amri ikaandikwa palepale.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Paa la chumba cha cherehani linavuja, nimeweka sufuria. Nawaza Chilangu.

Jumatano, 27 Novemba

Bado inanyesha.

Jumatano, 11 Desemba

Hukumu imesomwa. Yeremia alituonyesha asubuhi, kwa dakika chache, akasema hatabadili. Sauti tatu zimo humo, kila moja na jina la mwenyewe, na hakutuomba tena tuwe sauti moja. Kumbe mtu anaweza kuacha kuogopa katikati ya msimu.

Udongo ni wa ukoo, Tahiri ndiye mwangalizi, hauzwi na mtu. Mikorosho ni ya Mwanakombo na watakaomrithi. Nyumba na njia ni zake hadi mwisho wa uhai wake. Kwenye nyumba mwenyekiti ameandika kwamba haafikiani na maoni ya Mzee Abdulkadiri, na ameeleza kwa nini, kurasa mbili, kwa adabu.

Korosho walizowahi ni kama nusu. Nyingine zimekuwa nyeusi, zimeota mizizi chini. Zile wiki za kosa letu zimekula kiasi hicho, na hukumu haina mahali pa kuziandika. Mwanakombo alipita mbele yangu akasema tu, "Asante kwa swali." Tahiri alimbebea kikapu hadi barabarani. Hawakuwa wanaongea, ila hatua zao zilikuwa sawa.

Nje Abdulkadiri alisimama karibu yangu akikunjua mkono wa kanzu.

"Hii kanzu," alisema, "mkono haukuzidi. Ni mkono wangu ndio mfupi, huu wa kushoto, niliuvunja utotoni. Sikutaka kumwambia fundi."

"Angecheka," nikasema.

"Ndiyo maana sikumwambia."

Jumamosi, 14 Desemba

Lupaso. Majani yameota haraka kwa mvua hizi, nimeyatoa. Mujibu anasema ataniokotea mwakani kama kawaida, nami nimemwamini, bila kuchungulia.

Wiki ijayo nakwenda Dodoma kwa Zuhra, nitarudi Januari. Mto nimeuacha barazani.

Uliniuliza miaka yote leo tumemla nani. Msimu huu nadhani tumemla kila mmoja kidogo, na sisi wenyewe tumo. Sina la zaidi la kukuambia.

Kama huko mnaruhusiwa kuwakumbuka watu, Baba Zuhra, nami unikumbuke.

Mama Zuhra